Shaka ya kifalsafa (Embu na Meru)

Shaka ya kifalsafa ni msimamo wa kutokubali dai lolote kuwa maarifa kabla ya kuzipima sababu zake. Mashariki mwa Mlima Kenya, mfano wake ulio wazi kabisa ni Njeru wa Kinyenje, mzee wa Embu aliyehojiwa katika utafiti wa hekima ulioanzishwa miaka ya 1970 na Henry Odera Oruka (1944–1995) wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Njeru alisema hamwombi Mungu wala haendi kwa mganga. Kwake, dini na uganga vyote viwili havikuwa na ukweli. Uzito wa kauli hiyo ni kwamba kipimo kilekile alichokitumia kwa kanisa alikitumia pia kwa kibuyu cha mganga. Stephen M'Mukindia Kithanje wa Meru, mzee mwingine aliyehojiwa, hakuikana imani, ila alimfikiria Mungu kwa kuanzia kwenye joto na baridi vinavyoungana kuzaa uhai. Kupitia wazee kama hawa, Oruka aliwajibu kwa haki wanazuoni waliodai kuwa fikra za Kiafrika ni za jamii nzima na hazijihoji. Mahojiano yalichapishwa katika kitabu mwaka 1990.