Ukiandikiwa skani, matayarisho huanzia nyumbani

Mwaka jana nilipanda basi kutoka Mombasa hadi Nakuru kumsindikiza shangazi yangu kufanyiwa skani ya CT. Anaishi Bondeni tangu alipoolewa, na tumbo lilikuwa limemsumbua miezi kadhaa. Tulifika hospitali saa mbili asubuhi, tukarudishwa. Alikuwa amekunywa chai kwa mahamri alfajiri, na hakuwa na majibu ya kipimo cha figo. Karatasi aliyopewa iliandikwa tarehe na saa tu. Kando yetu alikuwa mzee aliyetoka Baringo, naye karudishwa kwa sababu hiyo hiyo.

Tulirudi wiki iliyofuata tukiwa tayari. Nawaandikia niliyojifunza, ili mwengine asipoteze nauli na siku.

Jua kipimo chako. Eksirei na CT hutumia mionzi. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, na MRI hutumia sumaku yenye nguvu. Eksirei moja ya kifua ni sawa na mionzi tunayoipata katika mazingira yetu kwa siku 10 hivi. CT ya tumbo ni kama ya miaka 3. Daktari akiona haja, usiikimbie. Lakini mwanamke anayehisi huenda ana mimba aseme mapema.

Chakula na maji. Altrasaundi ya ini na nyongo hutaka tumbo tupu, kwa kawaida saa 6 hadi 8. Ya kizazi hutaka kibofu kilichojaa, kwa hivyo unywe maji na ujizuie kwenda haja ndogo. CT yenye dawa ya rangi, hospitali nyingi husema usile kwa saa kadhaa. Uliza pia kuhusu maji. Ikiwa ni Ramadhani, mwambie daktari. Kipimo kisichokuwa cha haraka huweza kusogezwa, na mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa siku nyingine.

Dawa ya rangi. Hii hupigwa kwenye mshipa ili viungo vionekane vizuri, kisha hutolewa na figo. Ndiyo maana figo hupimwa kwanza. Sema kama una kisukari, pumu, au uliwahi kudhurika na dawa hiyo. Shangazi hutumia metformini, akataka kunyamaza. "Mwanangu, wakijua nina sukari watanirudisha tena." Nikamwambia, "Shangazi, afadhali turudi mara kumi." Akasema. Mhudumu akatazama majibu ya figo, akaona ni mazuri, kazi ikaendelea. Figo zikiwa dhaifu, daktari huweza kuisimamisha metformini kwa saa 48. Usiiache kwa uamuzi wako.

Chuma. Kwa MRI, vua kila kitu: pete, bangili, kipini, hirizi yenye chuma, pini za mtandio. Futa wanja, maana mwengine una chembe za madini. Mwenye betri ya moyo, au fundi wa kuchomelea aliyewahi kuingiwa na chuma jichoni, aseme kabla hajafika mlangoni. Akina mama, vaeni nguo isiyo na zipu wala vifungo vya chuma. Mnaweza kuomba mhudumu mwanamke. Ombeni siku mnapochukua miadi, ili zamu ipangwe.

Ndani ya chumba. CT huchukua dakika chache. Dawa ikiingia utahisi joto mwili mzima, ladha ya chuma mdomoni, na kama umejikojolea. Hujajikojolea. Shangazi alishtuka kwa sababu sikumwambia. MRI huchukua nusu saa hadi saa nzima, ina kelele nyingi, na utapewa kitufe cha kubonyeza ukizidiwa.

Kabla ya safari, piga simu uulize mashine inafanya kazi, na kama SHA inalipia kipimo hicho au inataka idhini kwanza. Beba barua ya daktari na picha za zamani. Ukimaliza, usiondoke bila kujua ripoti itatoka lini, kwani picha bila ripoti haimsaidii sana daktari wako.

Shangazi alikutwa na uvimbe kwenye figo la kushoto, ukiwa bado mdogo. Amefanyiwa upasuaji, na alhamdulillahi anapika mahamri yake mwenyewe. Mwenye mgonjwa nyumbani amsomee haya leo, kabla siku ya miadi haijafika.