Mkataba, Ndoa na Marejeo: Watu wa Pwani katika Nchi ya Wajerumani

Madungu ni sehemu ya mji wa Chake Chake, katikati ya kisiwa cha Pemba, na uhusiano wa eneo hilo na Wajerumani ulianza kwa karafuu kabla haujawa uhusiano wa watu. Makampuni ya wafanyabiashara wa Hamburg, kwanza O'Swald mwaka 1849 na baadaye Hansing, yalifungua ofisi zao Unguja, na mwaka 1859 miji huru ya kibiashara ya Ujerumani ya kaskazini ilitiliana mkataba wa biashara na Zanzibar. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama, kisiwa hiki kikawa ndicho chenye kutoa karafuu nyingi zaidi. Tangu hapo karafuu iliyochumwa katika vilima vya Chake Chake, ikachambuliwa vikonyo na kuanikwa juani juu ya majamvi, ilipitia forodha ya Unguja, na sehemu yake ikaishia katika jikoni za Wajerumani, ambao hadi leo huitia katika keki za Krismasi na katika kabeji nyekundu.

Karafuu ilikwenda bila kuulizwa hati. Watu waliofuata njia hiyo hiyo waliulizwa. Historia ya watu wa pwani walioishi miongoni mwa Wajerumani huandikwa zaidi kama sura ya siasa za ukoloni, na ni haki kuandikwa hivyo, lakini namna hiyo huacha nje jambo ambalo wenyewe walikabiliana nalo kila siku: mahali pa kupanga, chakula cha kula na cha kuacha, mshahara, ndoa, malezi ya watoto, na zaidi ya yote wakati na njia ya kurejea kwao. Maamuzi haya yakitazamwa kwa pamoja, huonekana kwamba baridi na lugha, ambazo kila msafiri huzilalamikia kwanza, hazikuwa mzigo mkubwa kuliko yote. Uzito ulikuwa katika karatasi, yaani katika swali la nani aliyeshika hati iliyompa mtu idhini ya kuingia, kufanya kazi, kuoa au kuolewa, na kurudi.

Mtu wa kwanza wa Zanzibar ambaye maisha yake ya Ujerumani yanajulikana kwa kina ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Bet il Mtoni, Unguja, mwaka 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar. Alipopata mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Unguja, aliondoka kwa siri mwezi wa Agosti 1866 kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo, kisha akasafiri na mumewe hadi Hamburg. Uamuzi huo ulimpa uraia wa mumewe na kumkatia njia ya nyumbani kwa mara moja, kwa kuwa sheria ya Kiislamu hairuhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu, na aliyeacha dini hakuwa tena na nafasi katika mirathi ya jamaa zake. Katika barua alizoziandika baadaye, ambazo zilichapishwa baada ya kufa kwake, alieleza nyumba za Hamburg zenye milango iliyofungwa, upweke wa mchana mume alipokuwa kazini, na ugumu wa kuongoza watumishi ambao lugha yao hakuijua.

Mume alifariki Agosti 1870 baada ya ajali ya tramu iliyokokotwa na farasi, akamwacha na watoto watatu wadogo, na hapo ndipo sheria ilipoingia ndani ya nyumba yake. Kwa sheria ya Hamburg ya wakati huo mjane hakuachiwa kusimamia peke yake mali ya marehemu mumewe. Aliwekewa wasimamizi, nao wakawa na kauli juu ya fedha za nyumba. Kwa binti aliyelelewa katika jamii ambamo mwanamke humiliki shamba lake, hulirithi, huliuza na hulitolea wasia kwa jina lake mwenyewe, hali hiyo ilikuwa kushuka daraja, na si vigumu kuelewa kwa nini katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 alitetea kwa nguvu nafasi ya mwanamke wa Kiarabu mbele ya wasomaji wa Kijerumani waliodhani kwamba wao ndio waliomkomboa. Alihama kutoka Hamburg, akaishi katika miji kadhaa ikiwemo Dresden, Rudolstadt na Berlin, na alijipatia riziki kwa kufundisha Kiarabu. Alirudi Zanzibar mara mbili, mwaka 1885 na 1888, kudai urithi wake, na mara zote mbili aliondoka bila kuupata. Mara ya kwanza alifika pamoja na manowari za Kijerumani, kwa sababu dai lake liliifaa serikali ya Bismarck katika kumshinikiza ndugu yake, Sayyid Barghash, aliyekuwa akitawala Zanzibar. Mambo yalipotengemaa baina ya watawala, dai la mwanamke huyo likaachwa. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924.

Kundi la pili lilikwenda kwa mkataba wa kazi. Mwaka 1887 katika Chuo Kikuu cha Berlin ilifunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki, taasisi iliyokusudiwa kuwafundisha maofisa, wafanyabiashara na wamisionari lugha za nchi ambako Ujerumani ilikuwa na maslahi, na kwa Kiswahili palihitajika mwalimu Mjerumani wa sarufi na mwenyeji wa pwani wa kuzoeza matamshi na mazungumzo. Sleman bin Said wa Zanzibar alishika nafasi hiyo kuanzia 1889 hadi 1891, akafuatiwa na Amur bin Nasur il-Omeiri, naye wa Zanzibar, hadi katikati ya muongo huo. Amur aliandika habari zake mwenyewe kwa Kiswahili, nazo zilichapishwa Berlin mwaka 1894 katika mkusanyo wa C. G. Büttner, kwa hiyo msomaji wa Pemba anayetaka kujua mtu wa kwao aliionaje Ulaya ana maandishi ya zaidi ya miaka 130 katika lugha yake mwenyewe, hazina ambayo skuli zetu bado hazijaitumia inavyostahili.

Maisha ya walimu hawa yalikuwa na utaratibu ambao mgeni yeyote wa Ujerumani wa leo angeutambua. Kila aliyehamia katika chumba alitakiwa kuandikisha anwani yake polisi, na kujiandikisha tena kila alipohama. Vyumba vilipangishwa vikiwa na jiko la makaa ya mawe ambalo mpangaji alipaswa kujifunza kulitunza, la sivyo angelala baridini. Kwa Mwislamu palikuwa na ugumu wa ziada ambao Wajerumani hawakuuona. Berlin iko mbali sana kaskazini, kiasi kwamba mwishoni mwa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na huzama kabla ya saa kumi alasiri, hivyo adhuhuri, alasiri na magharibi hubanwa ndani ya muda usiozidi saa nne. Na mwezi wa Juni mwanga wa upeoni haumaliziki usiku kucha, na mtu aliyezoea usiku na mchana wa Pemba, ambao karibu hulingana mwaka mzima, hukosa alama ya kuitambua isha. Msikiti haukuwapo. Msikiti wa kwanza uliojengwa katika ardhi ya Ujerumani kwa ajili ya ibada ulikuwa ule wa Wünsdorf wa mwaka 1915, nao ulijengwa ndani ya kambi ya mateka wa vita. Kuhusu nyama, kila mtu alipaswa kujiamulia, kwa kuwa nguruwe ndiye aliyetawala mabucha na mikahawa, na mchinjaji Mwislamu hakuwapo mtaani.

Kisa kinachoonyesha waziwazi zaidi nguvu ya karatasi ni cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwanachuoni wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo msingi mkuu wa kitabu Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoro alifika Berlin mwaka 1900 kuwa mwalimu wa Seminari. Alikuwa mtu mzima, msomi katika elimu ya dini, na katika mji wake watu walimpa heshima ya mwalimu. Darasani Berlin baadhi ya wanafunzi walimnyima heshima hiyo kwa sababu ya rangi yake, naye hakunyamaza, bali alilalamika rasmi. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani, na ndoa hiyo ilikuwa halali kwa sheria ya Ujerumani yenyewe. Mwaka uliofuata aliacha kazi, akaamua kurudi na mkewe Bagamoyo, uamuzi ambao kwa mume yeyote wa pwani ni wa kawaida kabisa. Walipofika Afrika ya Mashariki, serikali ya koloni, chini ya gavana Götzen, iliwakataza kukaa huko kama mume na mke, kwa kuwa mwanamke mweupe aliyeolewa na Mwafrika ilimwona kuwa hatari kwa utawala, nao wakalazimika kurejea Ujerumani. Alijikimu kwa kutoa mihadhara, alifanya kazi Hamburg kuanzia 1909 hadi 1913, na alifariki Berlin mwaka 1927 bila kuiona tena Bagamoyo.

Ikilinganishwa na ya Salme, ndoa ya Mtoro huonyesha jinsi tendo moja lilivyopewa hukumu mbili. Salme, mwanamke wa Zanzibar aliyeolewa na Mjerumani, alifanywa Mjerumani na kupokewa katika jamii ya wenye nafasi za Hamburg, ingawa kwa kutazamwa sana. Mtoro, mwanamume wa pwani aliyemwoa Mjerumani, alizuiwa hata kuishi na mkewe katika nchi aliyozaliwa yeye mwenyewe. Wote wawili walipoteza nyumbani, mmoja kwa uamuzi wa jamaa zake na mwingine kwa uamuzi wa dola. Hukumu ya pili ndiyo nzito zaidi, kwa sababu Mtoro hakuwa amevunja sheria yoyote, wala ya dini yake wala ya Wajerumani.

Utawala wa Wanazi uliongeza ukatili juu ya ubaguzi huo. Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kutumikia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto katika Vita vya Kwanza, alikwenda Berlin mwaka 1929 kudai mishahara ya uaskari ambayo yeye na babake hawakulipwa, na akajibiwa kwamba muda wa kudai umepita. Alibaki, akawa mhudumu wa mkahawa, mwigizaji wa filamu na msaidizi wa masomo ya Kiswahili, akamwoa Mjerumani mwaka 1933. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa bila kuhukumiwa katika kambi ya Sachsenhausen, na huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Ujerumani ya Mashariki, na Wajerumani wa upande huo wakaja na walimu, madaktari na wajenzi. Majumba yao ya ghorofa yalianzia Kikwajuni na Kilimani, Unguja, na mpango wa mji wa Zanzibar wa mwaka 1968 uliandikwa na mtaalamu wao, Hubert Scholz. Katika enzi ya Rais Karume, aliyeongoza Zanzibar baada ya Mapinduzi, miji ya Pemba nayo, Chake Chake ikiwa mojawapo, ilijengewa majumba ya namna hiyo. Kwa upande mwingine vijana wa Visiwani walipelekwa kusoma. Wengi waliotoka nchi za nje walianzia Leipzig, katika Taasisi ya Herder, iliyofundisha Kijerumani kabla ya masomo ya chuo, wakakaa katika dahalia pamoja na wanafunzi wa Kijerumani na kuishi kwa posho ya serikali.

Maamuzi yao yalikuwa ya aina mpya. Marka ya Ujerumani ya Mashariki ilikatazwa kutolewa nje ya nchi na haikubadilishwa katika benki za nchi nyingine, kwa hiyo aliyetaka kurudi na akiba alilazimika kuigeuza kuwa vitu, yaani cherehani, kamera, redio au pikipiki, na kuvifungasha kwenye makasha ya meli. Kumwoa raia wa huko kulihitaji idhini ya serikali, na baada ya masomo mgeni alitarajiwa kuondoka. Mfumo huo ulimheshimu mwanafunzi kuliko ulivyofanya ule wa kikoloni, na jambo hilo ni haki kulisema. Lakini hati ilibaki mikononi mwa dola kama zamani. Hata katika Ujerumani iliyoungana tena mwaka 1990, mwanafunzi wa kigeni huombwa kuweka gharama za mwaka mzima katika akaunti maalumu ambamo huruhusiwa kutoa fedha kidogo kidogo kila mwezi, na mke au mume anayemfuata mwenzake kutoka Afrika hutakiwa, kwa kawaida, kuthibitisha ujuzi wa awali wa Kijerumani kabla ya kupewa viza.

Habari za Salme, Amur na Mtoro zinajulikana kwa sababu waliandika, au kwa sababu maofisa waliandika juu yao na maandishi hayo yakahifadhiwa Berlin. Waliokwenda Leipzig na miji mingine baada ya 1964 wengi wao hawakuchapisha kitu, na karatasi zao, barua walizowaandikia wazazi, vyeti, mikataba ya posho na picha za dahalia, zimo katika masanduku ya familia, ambamo mchwa na unyevu wa masika huziharibu. Familia za Madungu na za Pemba nzima zenye karatasi hizo zinaombwa zisizichome wakati wa kusafisha nyumba, bali zizipeleke kwa Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani, au angalau ziruhusu zinakiliwe, na wazee waliobaki waulizwe habari zao sasa, wakiwa bado wapo.