Koili ya Mkondo wa Fundo

Wasikilizaji, juma lililopita nilikuwa kisiwani Fundo, na kurudi kwangu Wete ndiko kulikonipa mazungumzo ya leo. Chomboni tulikuwa na mama mja mzito anayepelekwa hospitali. Katikati ya mkondo mashine ikazima. Nahodha akavuta kamba hata mkono ukamwuma. Akafungua plagi, akaijaribu: hakuna cheche. "Koili hiyo, ami," kijana wa nduguye akamwambia.

Koili! Kidude cha kuenea kiganjani. Aliyeibuni mwaka 1836 ni padri wa Ireland, Nicholas Callan, mwalimu wa chuo cha Maynooth. Alizungushia chuma nyaya mbili: moja nene ya mizunguko michache, ya pili nyembamba ya mizunguko mingi mno. Umeme wa ile nene ukikatwa ghafla, usumaku wa chuma hutoweka, na katika ile nyembamba huzuka umeme mkali wa kuweza kuruka hewani. Ndiyo cheche. Yasimuliwa kwamba padri, kwa kukosa kipimo, aliwashikisha wanafunzi nyaya akatazama wanavyoruka. Nasi twalalamikia viboko vya chuoni!

Sifa, hata hivyo, aliipata mwingine. Heinrich Ruhmkorff, fundi Mjerumani aliyekaa Paris, aliitengeneza ikawa bora zaidi, na mwaka 1864 Napoleon III akamtunza faranga 50,000. Callan alikuwa amekufa Januari ya mwaka huo huo. Lenoir, naye huko huko Paris, alikwisha itumia koili ya Ruhmkorff mwaka 1860 kuwashia injini yake ya gesi, na tangu hapo cheche na injini hazijaachana.

Mashine kama ile yetu haihitaji hata betri. Ukivuta kamba, sumaku huzunguka na kuzaa umeme wa kuilisha koili. Lakini chumvi ya bahari ikipenya kwenye nyaya, umeme hupata njia nyepesi ya kupotelea, haufiki kwenye plagi. Hapo vuta kamba mpaka kesho.

Tulipiga makasia, na mkondo ukitusukuma upande. Wete tulifika jua limezama, na mtoto alikwisha zaliwa mle mle chomboni, mikononi mwa bibi yake. Wa kike, mzima. Asubuhi nilimkuta nahodha dukani ananunua koili mbili.