Yubari, Mji Uliokimbiwa na Vijana

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno, nawe msomaji umefunzwa tangu utotoni kuuheshimu usemi huo. Mimi nami nauheshimu. Lakini hebu fikiri kidogo. Mzee akiisha kutoa shauri kwamba paa la shule liezekwe upya, ni nani atakayepanda juu? Akisema kisima kichimbwe, ni nani atakayeshika sururu? Watoto hawajapata nguvu za kazi hiyo, na wazee zao zimekwisha. Kazi hiyo ni ya wale walio katikati, yaani watu wenye umri wa miaka 20 hata 50 na kitu. Hao ndio walimu, wauguzi, mafundi na wakulima. Tena ndio wazazi wa watoto wadogo na watunzaji wa wazee.

Katika insha hii nataka tutazame habari za mji mmoja uliowapoteza watu wa umri huo. Mji wenyewe ni Yubari, katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Umejengwa katika mabonde membamba yaliyozungukwa na milima, na wakati wa baridi theluji nyingi huanguka huko.

Mwaka 1888 tabaka kubwa la makaa ya mawe liligunduliwa mahali hapo. Miaka miwili baadaye uchimbaji ulianza, na mwaka 1892 reli ikafika. Siku zile Japani ilikuwa ikijenga viwanda na merikebu kwa haraka sana, na mitambo hiyo yote ilikula makaa ya mawe. Vijana wengi walikwenda Yubari kutafuta mshahara, wakaoa na kuzaa watoto huko huko. Walakini si wote waliokwenda kwa hiari yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watu wa Korea na China walitiwa machimboni kwa nguvu. Baada ya vita mji ulizidi kukua, hata ulipofika mwaka 1960 ulikuwa na watu zaidi ya 100,000. Makampuni ya makaa ndiyo yaliyojenga nyumba za wachimbaji, na hospitali pia ilikuwa yao. Mji mzima ulitegemea kazi moja tu.

Hapo ndipo ilipokuwa hatari. Katika miaka ya 1960 Japani iliyaacha makaa kidogo kidogo na kutumia mafuta, ambayo mengi yaliletwa kwa meli kutoka nchi za Ghuba. Tena makaa ya nchi za ng'ambo yalikuwa rahisi kuliko yale ya Yubari, ambayo sharti yafuatwe chini sana ardhini. Machimbo yakafungwa moja baada ya moja. Kisha, tarehe 16 Oktoba 1981, gesi ilifumka ndani ya machimbo mapya yaliyotumainiwa sana, ukafuata moto, na watu 93 wakafa. Ili kuuzima moto huo, maji ya mto yaliingizwa chini hali wachimbaji wengi hawajatolewa, baada ya jamaa zao kuombwa idhini. Machimbo ya mwisho ya Yubari yalifungwa mwaka 1990.

Sasa angalia vizuri ni nani aliyeondoka. Mchimbaji mwenye miaka 30, mwenye mke na watoto wawili, hakuweza kukaa bila mshahara. Alifunga mizigo akaenda Sapporo, au Tokyo, au popote palipokuwa na kazi. Baba yake mwenye miaka 65 alikuwa na malipo yake ya uzeeni na bustani yake, na jirani zake walikuwa hao hao wa miaka yote, yeye alibaki. Basi mji haukupungua sawasawa kama gunia la mahindi linavyopungua. Ulipungukiwa na watu wa umri mmoja zaidi kuliko wengine. Na kila kijana aliyeondoka, aliondoka pamoja na watoto ambao angewazaa hapo baadaye.

Wakuu wa mji waliiona hatari hiyo, wala hawakukaa bure. Walisema kwamba mahali pa makaa patakuwa mahali pa matembezi. Wakajenga makumbusho ya makaa ya mawe na uwanja wa michezo ya kufurahisha watu, wakaanzisha na tamasha la sinema. Wakati huo huo mji ulizitwaa nyumba na hospitali zilizoachwa na makampuni. Mambo hayo yote yalitaka fedha, na fedha zilikopwa. Wageni hawakuja kwa wingi uliotazamiwa, nalo deni likafichwa katika hesabu mwaka hata mwaka. Waswahili husema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka 2006 mji ulikiri kwamba umefilisika, na mwaka 2007 ukawekwa chini ya uangalizi wa serikali kuu ili ulipe deni la yen zaidi ya bilioni 35, kwa muda wa miaka ipatayo 20.

Matanga hayo yalikuwa mazito. Kodi zilipandishwa. Mishahara ya watumishi wa mji ilipunguzwa sana, na zaidi ya nusu yao wakaacha kazi. Hospitali iliyokuwa na vitanda 171 ikawa zahanati yenye vitanda 19. Maktaba ilifungwa. Shule zote za msingi ziliunganishwa kuwa moja, na shule za kati vivyo hivyo. Mwaka 2019 hata reli iliyokuja kwa ajili ya makaa ilifungwa.

Jiweke, msomaji, mahali pa mama kijana aliyebaki Yubari wakati huo. Shule ya mtoto wake imesogea mbali, hospitali imepungua, na kodi imezidi. Je, ungemlaumu kama naye angehama? Lakini akihama, walipaji wa kodi hupungua tena, na huduma nazo hupunguzwa tena. Na theluji inapojaa juu ya paa la kikongwe anayeishi peke yake, mtu wa kuipakua huwa mgumu kupatikana.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 Yubari ilikuwa na watu 7,334 tu, na zaidi ya nusu yao walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Hata hivyo mji haujafa. Wakulima wake hulima matikiti matamu yenye sifa Japani nzima. Mwaka 2019 matikiti mawili yaliuzwa mnadani kwa yen milioni 5. Kijana mmoja aitwaye Suzuki Naomichi, mtumishi wa serikali ya jiji la Tokyo, alitumwa Yubari mwaka 2008 kuusaidia mji. Mwaka 2011 alichaguliwa kuwa meya, akiwa na miaka 30, akakubali kupokea mshahara uliokatwa sana. Alijaribu kuwakusanya wakazi waliotawanyika ili waishi karibu karibu, na mwaka 2020 ikafunguliwa nyumba mpya yenye maktaba katikati ya mji. Lakini yeye mwenyewe alikwisha ondoka mwaka 2019, alipochaguliwa kuwa gavana wa Hokkaido.

Pengine utasema kwamba Kenya ina vijana tele, na kwamba habari hizi hazituhusu. Usifanye haraka. Yubari nayo ilikuwa mji wa vijana mwaka 1960. Likizo ijayo utakapokwenda nyumbani kwa babu na bibi, hesabu ni watu wangapi wa umri wa wazazi wako waliobaki kijijini, na wangapi wako Nairobi au Mombasa. Wala usiwalaumu waliokwenda, maana mtu hufuata riziki. Uliza badala yake ni kazi gani iliyopo hapo, na kama ni moja tu, je, itakapokwisha itakuwaje? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na watu wa Yubari walipotaka kuujenga ukuta, wajenzi walikuwa wamekwisha kwenda zao.