Nani Alikuwa na Muda wa Kunyoosha Kidole?

Kidole kinachopinda kisinyooke tena hakiui mtu, na ndiyo maana hakijapewa nafasi katika vitabu vya historia ya tiba nchini Kenya. Vitabu hivyo vimejaa tauni, ndui, malale na malaria, yaani maradhi yaliyoitia serikali hofu. Lakini katika Bonde la Ufa la kati, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Nakuru, Njoro, Molo na kingo za Mau, uchumi wa karne nzima ulitegemea vidole: kukamua ng'ombe, kung'oa magugu, kuchuma pareto na, baadaye, kukata maua. Hoja yangu ni kwamba tiba ya kidole kilichopinda, ile isiyohitaji kisu, haikuwa siri wala anasa katika eneo hili. Vifaa vyake vilikuwa rahisi, na maarifa yake yalikuwepo, mengine kwa wenyeji na mengine hospitalini. Kilichoadimika ni siku za kuupumzisha mkono, na siku hizo hazikuwa mali ya mwenye mkono.

Tuanze kwa kutenganisha mambo, kwa sababu kidole hupindwa na mengi. Kule Molo na Mau Narok, ambako baridi ya usiku huwafanya watu walizunguke figa hadi saa za kulala, mtoto huangukia makaa viganja vikiwa wazi. Ngozi iliyoungua hupona kwa kujikunja, na katika muda wa wiki chache kovu huwa limevivuta vidole hadi vikakaribia kugusa kiganja. Mundu au panga hukata kano. Mfupa wa kidole huvunjika, ukaachwa ujiunge wenyewe unavyotaka. Ukoma huua neva, kisha vidole vikajikunja kama kucha za mwewe. Kisukari hukakamaza viungo polepole mpaka mtu hawezi kukutanisha viganja vyake sawasawa kama anayesali. Halafu upo ugonjwa unaoitwa kwa jina la Guillaume Dupuytren, mpasuaji wa Paris aliyeufanyia upasuaji mwaka 1831, ambapo nyuzi ngumu huota chini ya ngozi ya kiganja na kukivuta kidole cha pete au cha mwisho. Huo huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, na kwa Waafrika ni nadra. Kwa hiyo ule ulioandikiwa kurasa nyingi kuliko yote ulitarajiwa zaidi kwenye kiganja cha mlowezi kuliko cha kibarua wake, na yeyote anayeusoma huo peke yake ataikosa historia ya mikono ya Nakuru.

Isipokuwa huo wa Dupuytren, ambao nyuzi zake hazitishwi na gango, yaani banzi la kukishikilia kidole, mengi ya maradhi haya yana kanuni moja ya tiba pale yanapowahiwa. Aliyeieleza kanuni hiyo vizuri zaidi ni Paul Brand, mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914 na aliyeanza kazi Vellore, kusini mwa nchi hiyo, mwaka 1946. Brand alipata sifa kwa kuhamisha kano za wagonjwa wa ukoma, lakini kabla ya kugusa kano ilimbidi kwanza avilegeze vidole vilivyokwisha kukakamaa, na hilo alilifanya kwa plasta. Utepe mwembamba wa plasta huloweshwa majini, ukazungushwa kidoleni bila pamba nyingi, na kidole kikashikiliwa kwa upole pale kinapofika chenyewe, bila kusukumwa, hadi plasta ikauke. Baada ya siku chache plasta hulowekwa na kuvuliwa, pembe ya kiungo ikapimwa, kisha ikawekwa nyingine ikiwa imenyooka kidogo kuliko ile ya kwanza. Brand alishikilia kwamba nyama hainyooshwi kama mpira: ikivutwa kwa nguvu huchanika ndani, ikavimba, na kovu jipya likaja gumu kuliko la zamani. Ikiwekwa kwenye mvuto mdogo usiokatika, chembe hai zake huijenga upya katika urefu mpya. Maarifa haya yaliikaribia Afrika Mashariki mapema, kwani mwaka 1965 kituo cha ALERT kilianzishwa Addis Ababa kufundisha wahudumu wa ukoma kutoka bara zima. Utepe wa plasta na beseni la maji si vitu vya kuishinda hospitali yoyote ya wilaya. Ugumu uko katika kurudiwa kwake: plasta moja haifanyi kitu, kazi hufanywa na ya sita au ya kumi.

Kabla ya hospitali walikuwepo waunga mifupa. Moritz Merker mwaka 1904 na A. C. Hollis mwaka 1905, wote wakiandika juu ya Wamaasai, walitaja ustadi wao wa kupasua na wa kuunga mifupa. Jamii za Wakalenjin na Wakikuyu, ambao ndio waliokuja kuwa wengi katika mashamba ya Nakuru, nao walikuwa na mafundi wao wa mabanzi, kukanda na kufunga. Hapa msomaji mwenye mashaka ana pingamizi zito: si hao hao waliovipinda vidole vya watu? Ni kweli, mara nyingine ndio. Mwaka 1881 Richard von Volkmann alieleza jinsi mkono uliofungwa kwa kubana mno unavyokosa damu, misuli ya kigasha ikafa na kugeuka kovu, na vidole vikafumbata moja kwa moja. Madaktari wa mifupa barani Afrika wamelipokea jeraha hilo mara nyingi kutoka kwa mabanzi ya kienyeji. Ila tuwe waadilifu. Volkmann hakuwa akiwaandikia Wamaasai. Alikuwa akiwaonya wenzake wa Ulaya juu ya bendeji zao wenyewe. Kosa la kubana ni la mfungaji yeyote asiyerudi kutazama rangi ya kucha. Na ubora wa muunga mifupa, pale alipokuwa bora, haukuwa katika dawa aliyopaka. Tiba yake ilikwenda kwa mwendo wa maisha ya boma: alikuwa jirani, aliweza kurudi kufungua na kufunga upya, na mifugo ya mgonjwa ilichungwa na ndugu.

Mwendo huo ndio uliovunjwa na shamba la mlowezi. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na katika miongo miwili iliyofuata ardhi nzuri ya pembeni mwake ikagawiwa Wazungu. Waafrika waliobaki au kuhamia humo wakawa maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kuishi, kulima kishamba chake na kufuga. Sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, iliyapa mabaraza ya wilaya ya walowezi uwezo wa kuongeza siku hizo, na katika miaka ya 1940 zikapandishwa hadi 240 na hata 270 katika baadhi ya sehemu. Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, ameonyesha jinsi nyongeza hiyo ilivyozibana familia za wilaya ya Nakuru. Kibarua wa mshahara naye alikuwa na tikiti ya siku 30: nyapara aliweka alama kwa kila siku iliyofanyiwa kazi, na malipo yalikuja alama zilipotimia, si mwezi ulipokwisha. Siku ya kukaa na plasta haikuwa na alama. Kuondoka bila ruhusa nako kulikuwa kosa la jinai, na kipande, yaani hati ya utambulisho iliyoning'inia shingoni, kilihakikisha mtu anajulikana popote aendapo. Kwa kejeli ya historia, kipande hicho kilibeba alama za vidole vya mwenyewe. Serikali ilivihesabu vidole vya kila mwanamume Mwafrika, lakini kama vinakunja na kukunjuka halikuwa swali lake.

Ataniambia mtu kwamba natwisha sheria za kazi mzigo usio wao: wengi hawakufika hospitalini kwa sababu ya umbali, na huko nako matibabu yalitengwa kwa rangi. Nakubali yote mawili. Hospitali ya War Memorial mjini Nakuru, iliyojengwa kwa kumbukumbu ya waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa ya Wazungu. Lakini hospitali ya Waafrika nayo ilikuwepo, ile iliyokuja kuwa Hospitali Kuu ya Mkoa na ambayo watu bado huiita PGH. Umbali wenyewe nao, ukiupima kwa mahitaji ya plasta ya kidole, ni hesabu ya siku. Kutoka Mau Narok hadi Nakuru na kurudi ni siku moja imepotea, na tiba hii ilitaka safari kama hiyo kila wiki, pengine mara mbili. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la pareto. Baada ya Japani kuingia vitani mwaka 1941, Kenya ilibaki muuzaji mkuu wa pareto kwa mataifa yaliyoungana, na ua hilo lilichumwa kwa kidole gumba na cha shahada, sana sana na wanawake na watoto ambao wengi wao hawakuwa na tikiti yoyote. Je, hao hawakuwa huru na muda wao? Hawakuwa. Walilipwa kwa uzito wa walichochuma, na ua la pareto likipitwa na wakati wake hupoteza nguvu ya dawa ya wadudu, kwa hiyo shamba halikumngoja mtu apone. Mwenye kidole kibovu alichuma na vilivyobaki, na kidole kile kikaganda katika mkunjo wake.

Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1940, ilijua zaidi kukihesabia bei kidole kilichokatika. Mkono uliopungua unaonekana. Mkono wenye vidole vyote vitano ambao haushiki jembe unahitaji mtu wa kuueleza. Naona ubaguzi huo wa macho haujaisha hata leo.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yamepitwa, kwa kuwa upasuaji sasa unapatikana na sindano mpya zimevumbuliwa. Upasuaji umesaidia wengi kweli. Huko Kijabe, kwenye ukingo wa bonde, hospitali ya CURE ilifunguliwa mwaka 1998 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Lakini kisu hakiondoi hitaji la muda: kovu la moto likikatwa na ngozi kupandikizwa, bila gango na mazoezi ya miezi kidole hurudi kilikotoka. Na sindano? Wafaransa walianza miaka ya 1970 kuzikata nyuzi za Dupuytren kwa ncha ya sindano tu. Marekani mwaka 2010 iliidhinisha kimeng'enya cha kuziyeyusha, ambacho kichupa kimoja kiliuzwa kwa zaidi ya dola 3,000. Mwaka 2020 kampuni ikakiondoa kwenye masoko ya nje ya Marekani kwa sababu za kibiashara. Kwa mkulima wa Njoro mwenye kovu la moto dawa hiyo isingefaa hata kama ingegawiwa bure, maana si ya kidole chake.

Swali la siku limehamia Naivasha, kwenye mashamba ya maua. Mkata waridi hufumba na kufumbua mkasi mamia ya mara kwa zamu, na kano iliyovimba huanza kunasa kwenye ala yake: kidole hukunjika vizuri, kikikunjuliwa hukataa, kisha huachia ghafla kwa mlio, na kikipuuzwa hugoma kabisa. Tiba ya mwanzo ni kupumzisha, gango, na ikibidi sindano ya steroidi. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019, inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi asiyeweza kazi kwa siku tatu au zaidi, hadi miezi 12. Kwa maandishi, siku zimepatikana. Kwa vitendo, maradhi yanayoingia polepole hayana saa ya ajali ya kujazwa kwenye fomu, na mwenye mkataba wa msimu hujua kwamba anayelalamika leo huenda asiitwe msimu ujao. Gango la kidole kinachonasa huvaliwa kwa wiki sita hivi. Anayelivaa mwanzoni mwa Januari atalivua katikati ya Februari, waridi za siku ya wapendanao zikiwa zimekwisha kukatwa, kufungwa na kusafirishwa Ulaya.