Kalemie, Mji wa Njia: Mali Iliyopita na Mali Iliyokaa

1. Utangulizi

Tangu mwaka 2015 Kalemie ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Kabla ya hapo ilikuwa mji wa pembeni katika Katanga, uliotengwa na Lubumbashi kwa zaidi ya kilomita 1,000 za reli. Cheo kipya kiliuletea mji gavana, bunge la jimbo na ofisi. Lakini cheo peke yake hakisokoti uzi wala hakipakii behewa. Wanaousifu mji huu hutaja kwanza bandari, reli na ziwa, kana kwamba utajiri umelala hapo ukingoja kuamshwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia inafundisha jambo jingine. Bandari na reli ziliwahi kufanya kazi kwa bidii bila kuutajirisha mji, kwa kuwa zilijengwa ili mali ya wengine ipite. Kalemie ilianza kusimama kwa miguu yake pale tu mali ya kandokando yake ilipogeuzwa kuwa bidhaa papo hapo.

2. Kivuko cha misafara

Lukuga ndio mto pekee utokao katika ziwa Tanganyika, na mdomo wake uko karibu na mji. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Cameron aliukuta umezibwa na majani na matete. Thomson alipofika mwaka 1879, maji yalikuwa yakienda kwa nguvu kuelekea Lualaba. Kaskazini ya mdomo huo, Mtowa ilipokea mashua zilizovuka kutoka Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa walipitishwa hapo kupelekwa pwani. Nguo, shanga na bunduki zilikuja kwa njia ileile. Pamoja na misafara Kiswahili nacho kilivuka ziwa, na wamisionari waliofuata walikikuta kikiwa tayari lugha ya kuelewana.

Mwishoni mwa mwaka 1891 kapteni Mbelgiji Jacques alijenga ngome akaiita Albertville. Alikuja kupigana na wafanyabiashara wa watumwa, ambao mmoja wa wakuu wao kando ya ziwa alikuwa Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza. Ngome ilibadilisha wenye mamlaka, na biashara ya watu ikakomeshwa. Hata hivyo kazi ya mahali hapo haikubadilika: kupokea kinachotoka upande mmoja na kukipeleka upande wa pili.

3. Reli mbili zilizokabiliana

Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli ya CFL, chini ya tajiri Mbelgiji Empain, ili kuunganisha sehemu za mto Kongo zinazopitika kwa meli na kuzifikisha kwenye maziwa makuu. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam iliwasili Kigoma mwaka 1914. Reli ya Kabalo hadi Albertville, yenye urefu wa kilomita 273, ilikamilika mwaka 1915. Hivyo reli mbili zilitazamana, maji yakiwa katikati, wakati wenyewe wakipigana vitani. Mwezi wa Desemba 1915 ndipo Waingereza waliposhusha ziwani, karibu na Albertville, mashua zao mbili za vita, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kutoka kusini mwa Afrika.

Baada ya vita, mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 uliipa Ubelgiji haki ya kupitisha mizigo ya Kongo katika Tanganyika ya Waingereza, pamoja na maeneo yake ya bandari huko Kigoma na Dar es Salaam. Ilionekana kama Albertville sasa imefunguliwa mlango wa Bahari ya Hindi.

Mlango huo haukupitwa na wengi kama ilivyotarajiwa, kwa sababu mbili. Kwanza, kila mzigo ulishushwa kutoka behewani, ukapakiwa melini, kisha ukashushwa tena Kigoma na kupakiwa behewa jingine. Pili, serikali ya koloni ilitaka shaba ya Katanga itoke kwa njia iliyo ndani ya milki yake. Mwaka 1928 reli ya Katanga ilifika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ili mizigo ishuke kwa mto na reli hadi Matadi. Na mwaka 1931 ikafunguliwa njia ya Lobito kupitia Angola. Shaba haikuwa na haja kubwa na ziwa.

Mwaka 1955 reli za CFL zilipanuliwa kutoka upana wa mita 1 hadi mita 1.067, na mwaka 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina. Tangu hapo behewa liliweza kutoka ziwani hadi Elisabethville bila kubadilisha njia. Lakini reli ya Kigoma ilibaki na upana wa mita 1. Hatua iliyousogeza mji karibu na Katanga ndiyo iliyouweka mbali na jirani yake wa ng'ambo, aliye umbali wa chini ya kilomita 150 za maji.

4. Miaka ya viwanda

Sura nyingine ya uchumi ilifunguliwa baada ya Vita Vikuu vya Pili, kilipojengwa kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Pamba ilitoka mashambani kaskazini mwa Katanga. Hapana budi kukumbuka kwamba mkulima alikuwa akiilima kwa lazima tangu amri ya mwaka 1917, kwa bei asiyoipanga yeye. Lakini kwa upande wa mji, mambo yalikuwa mapya: pamba iliingia ikiwa pamba, ikatoka ikiwa kitambaa. Karibu na mji yalichimbwa makaa ya mawe ya bonde la Lukuga. Kusini, ufukoni huko Kabimba, mawe ya chokaa yaligeuzwa kuwa saruji. Kaskazini, maporomoko ya mto Kiyimbi huko Bendera yalifungwa mitambo ya umeme katika miaka ya 1950.

Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa kidogo kikilinganishwa na migodi ya shaba. Nguvu yake ilikuwa katika ujirani. Ujira wa mfumaji ulitumika sokoni kununua unga na ndagala, na mvuvi naye akanunua kitambaa. Mji uliokuwa ukiishi kwa ushuru wa mizigo ukaanza kuishi kwa kazi ya wakazi wake.

Jengo hilo lilikuwa na ufa. Mitaji na vipuri vilitoka nje, na maamuzi yalifanyika mbali na ziwa. Mwaka 1973 serikali ya Zaire iliwanyang'anya wageni biashara nyingi na kuwapa wananchi wateule. Mwaka 1974 reli zote ziliwekwa chini ya shirika moja la taifa. Ukosefu wa fedha za matengenezo ukafuata. Vita vya 1998 hadi 2003 viliikata nchi vipande, Kalemie ikiwa upande wa waasi na Lubumbashi upande wa serikali. Karne ya 20 ilipokwisha, vitambaa vya Filtisaf havikuwapo tena sokoni.

5. Hitimisho

Swali la zamani limerudi kwa jina jipya. Manono, katika jimbo hilohilo, ina akiba kubwa ya lithiamu, na Kalemie inatajwa tena kuwa mlango wake wa kwenda Dar es Salaam. Ikiwa mji utaridhika kuwa mlango, utapata ushuru na vumbi, kama ulivyopata zamani.

Kinachofaa kutangulia ni kile kilichouinua mara ya kwanza: umeme wa uhakika kutoka Bendera. Ndagala, ambao ng'ambo huitwa dagaa, huanikwa juani, na mvua chache zinatosha kumpotezea mama muuzaji mtaji wake wote. Umeme ungeleta vyumba vya baridi na vikausho, na ungewarudishia wakulima wa pamba mnunuzi wa karibu. Reli nayo ingepata mizigo ya mji wenyewe, badala ya kungoja ya wageni. Lipo pia jambo la maji: tangu mwaka 2020 ziwa limepanda na kuingia katika mitaa ya ufukoni, kwa hiyo bandari haiwezi kutengenezwa bila kuushughulikia mdomo wa Lukuga.

Katika kila mkataba wa njia utakaotiwa sahihi, wakazi wa Kalemie wana haki ya kuuliza ni tani ngapi zitatengenezwa mjini kabla ya kuvuka, na ni watu wangapi watalipwa kwa kuzitengeneza.