Samaki wa Dhahabu na Ziwa Letu

Mwenye kidimbwi cha samaki wa dhahabu bustanini mwake, Mutanga Sud, afuga uzao wa Uchina, uliochaguliwa tangu enzi ya Song (960–1279) kutokana na samaki wa kijivu. Asili haijapotea: kitoto huanguliwa akiwa na rangi ya matope, na dhahabu humjia baada ya miezi. Akipewa nafasi aweza kupita shubiri. Twapenda kumtazama, walakini bondeni lipo Ziwa Tanganyika, ambalo samaki wake wa rangi Mbelgiji Pierre Brichard aliwasafirisha ng'ambo kutoka Bujumbura katika miaka ya 1970. Mwaka 1974 mtaalamu Max Poll alimpa mmoja jina la brichardi. Sisi walimu twayahitaji zaidi majina ya wavuvi.